Jina Niamh Linatoka Wapi?

SWALI: Mimi na mume wangu tumevutiwa na jina Niamh kwa binti tunayemtarajia, ila hatujui linavyotamkwa wala asili yake. Mnatushauri nini?

JIBU: Hongereni. Jina hilo ni la Kiayalandi, mojawapo ya lugha za Kikelti, na hutamkwa "Niiv", kwa kuwa "mh" hapo mwishoni huwakilisha sauti ya "v". Maana yake ni mng'ao. Katika hadithi za kale za Ayalandi, Niamh alimpakia shujaa Oisín, ambaye jina lake humaanisha kulungu mdogo, juu ya farasi mweupe, wakavuka bahari hadi Tír na nÓg, yaani Nchi ya Ujana, ambako miaka 300 ilipita kama miaka 3 tu. Wapo wanaoandika Neve ili kurahisisha usomaji. Sisi tungebaki na tahajia ya asili, hata kama binti atalazimika kuwaelekeza watu mara kwa mara.