Ukiandika mapenzi ya mungu na binadamu, anza na mvi

Riwaya yangu ya kwanza ya namna hii niliiandika kwa miezi tisa, na wasomaji wakaiacha kwenye sura ya saba. Nilikuwa natuma sura moja kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp. Mungu wa bahari kampenda binti wa mshona nyavu. Adui akija, anamzamisha. Mahari ikitakiwa, anamwaga lulu. Mvua ikichelewa, anainyesha. Siku moja dada yangu mkubwa, aliyekuwa akisoma kila sura, akanipigia simu: "Mdogo wangu, sasa huyu bwana shida yake ni nini?" Nilikosa la kumjibu, na kundi likazidi kupoa.

Leo najua ningemjibu nini. Shida yake ni kwamba hafi, na anayempenda atakufa. Mengine yote, radi, mawimbi, majumba ya chini ya maji, ni mapambo. Sisi tunaoandika hadithi hizi huwa tunaanza na mapambo kwa sababu ndiyo yanayotuvutia, kisha tunashangaa kwa nini mapenzi yenyewe hayana joto.

Kilichonifungua macho ni kisa cha kale cha Wagiriki. Eos, mungu wa kike wa alfajiri, alimpenda Tithonus, kijana wa ukoo wa kifalme wa mji wa Troy. Akamwomba Zeus, mfalme wa miungu, ampe mpenzi wake uzima wa milele, na akapewa. Alichosahau kuomba ni ujana. Mvi za kwanza zilipotokea kichwani na kidevuni, Eos akaacha kulala naye, ingawa aliendelea kumlisha na kumvika vizuri. Mwisho mzee hakuweza tena hata kuinua mkono. Akamlaza chumbani, akafunga milango, na humo ndani sauti yake ikawa inatiririka bila kukoma. Hakuna vita hapo, wala mchawi, wala mke mwenza. Ni ombi moja tu lililopungua neno, na limenikosesha usingizi kuliko mapigano yote niliyowahi kuyaandika.

Nilipokisoma nilimkumbuka bibi yangu. Kila baada ya wiki mbili tatu alimkalisha babu kwenye mkeka uani, akakoroga hina kwenye bakuli la bati, akampaka ndevuni kwa kidole kimoja, polepole, akianzia shavu la kushoto. Babu alifumba macho. Hina ilipokauka ilimdondokea kifuani vipande vipande, na bibi akaipangusa kwa pindo la khanga. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa cheupe. Walikuwa wanazeeka pamoja, na hicho ndicho kitu ambacho mungu, kwa uwezo wake wote, hawezi kukipata kwa mpenzi wake.

Nikaandika upya. Safari hii mungu wa bahari anaona unywele mweupe kwenye kipaji cha mkewe, anadhani ni chumvi. Anausugua kwa kidole gumba. Hautoki. Anausugua tena. Sura hiyo ndiyo iliyowarudisha watu kundini, na dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti huku analia. Kwa hiyo kabla hujaandika muujiza wowote, tafuta dakika ambayo mungu wako atagundua kwamba kuna muda. Iandike hiyo kwanza, hata kama itakaa katikati ya kitabu.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu. Hadithi hizo za kale zimejaa miungu wanaoteka na kulazimisha. Usilibebe hilo ukaliita mapenzi. Binadamu wako awe na uwezo wa kukataa, na mungu alisikie neno hilo. Odysseus, shujaa wa Kigiriki, alikaa miaka saba kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike, akaahidiwa asife wala asizeeke. Alikiri kabisa kwamba Penelope, mkewe, hamfikii Calypso kwa sura wala kwa umbo. Bado akataka kwenda nyumbani. Mpe mhusika wako uzito wa namna hiyo.

Halafu itumie lugha yako. Apuleius, aliyezaliwa Madaurus, katika Algeria ya leo, aliandika katika karne ya 2 kisa cha Psyche, binti anayeolewa na mume, kumbe mungu wa mapenzi, ambaye humjia gizani tu na hamruhusu amwone. Usiku mmoja akawasha taa, na tone la mafuta ya moto likamdondokea mume begani. Sasa tazama Kiswahili: "Alikuja, akakaa kitandani, akamshika mkono." Nani huyo, mwanamume au mwanamke? Ile "a" haisemi. Kiingereza kingelazimika kufichua mara moja; sisi tunaweza kulishika giza hilo kwa sura tatu nzima bila kumdanganya msomaji.

Angalia pia upatanisho wa kisarufi. Kanisani tumezoea kusikia "miungu mingine", na hapo inasikika kama sanamu. Ukiandika "miungu walishuka", ghafla wana miguu na mioyo. Chagua moja na uishike. Na "m" ya mungu wako iwe ndogo daima. Msomaji mmoja aliniambia neno lenyewe linamkwaza kwa imani yake. Nilimheshimu, nikampa mhusika jina na kulitumia hilo karibu kila mahali.

Kuhusu mwisho: Psyche alipewa ambrosia, lishe ya miungu, akawa hafi, lakini alikuwa ameshakabidhiwa chungu ya nafaka aichambue mbegu kwa mbegu, hadi sisimizi wakamwonea huruma, na alikuwa ameshashuka hadi kuzimu. Alilipia. Binti wa riwaya yangu, katika rasimu ya kwanza, alipewa uzima wa milele siku ya harusi, bure, nami nimeufuta ukurasa huo. Sasa riwaya inaishia uani. Bwana wa bahari amechuchumaa na bakuli la bati, hina yake imekuwa maji maji, na mkewe, kichwa cheupe, anamwambia aongeze unga kidogo, kisha akamue ndimu.