Kwenda kazini kwa baiskeli: usianze Jumatatu

Mkuu, umesema kazini kwako ni kilomita 9, baiskeli unayo lakini imelala stoo muda mrefu, na vinavyokutia hofu ni viwili: jasho na magari. Mimi huu ni mwaka wa sita naenda kazini kwa baiskeli, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi. Nilianza vibaya sana, kwa hiyo nakusimulia pale nilipoumia.

Kosa langu lilikuwa kuanza Jumatatu asubuhi. Njia niliyoijua ni ya basi, nikaifuata hiyohiyo, na kwa kuogopa kuchelewa nikakanyaga kama nakimbizwa. Nilifika shati limeloa chapachapa, mapaja yanatetemeka, na bado nimechelewa. Jioni nikapanda basi. Baiskeli ilibaki kazini siku tatu, kila anayepita ananiuliza ni ya nani.

Kilichonirudisha barabarani ni kwenda kazini siku ya mapumziko. Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Nenda taratibu, tazama wapi pana mashimo, wapi pana mlima, wapi unaweza kukatiza kwenye mitaa ya ndani. Barabara inayofaa gari mara nyingi haiifai baiskeli. Njia yangu ya sasa ni ndefu kuliko ya basi kwa kilomita moja na nusu, lakini inakwepa mzunguko ambao ule mwanzo ulinitoa roho. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, 9 zako ni kama dakika 36. Wewe weka saa nzima wiki za kwanza.

Muda huo wa ziada ndio dawa ya jasho. Kinacholowesha watu zaidi ni haraka. Kilomita mbili za mwisho punguza mwendo, ufike mapema, ukae dakika kumi mwili upoe ndipo ubadili shati. Ukibadili ukiwa bado moto, la pili nalo litaloa. Na begi lisikae mgongoni, lifunge kwenye karia. Mimi nilibishana na hilo miezi miwili, mgongo ukinilowa kila siku.

Baiskeli iliyokaa stoo usiiamini kwa kuitazama tu. Jaza upepo kufuata kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, uiache usiku kucha uone kama itashuka. Raba ya tairi ikiwa na nyufa, badilisha tairi. Futa mnyororo, tia mafuta kidogo, kisha ufute yaliyozidi, maana mafuta mengi hukamata vumbi. Breki ukaguzi wake ni rahisi: minya kwa nguvu huku unaisukuma baiskeli, gurudumu likizunguka, hazifai.

Halafu urefu wa kiti. Magoti yaliniuma wiki mbili nikadhani ni umri, kumbe kiti kilikuwa chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukija kukanyagia sehemu ya mbele ya wayo, goti litajikunja kidogo, na ndivyo linavyotakiwa. Kama una gia, tumia nyepesi na uzungushe miguu harakaharaka, usikamue gia nzito.

Magari sasa. Hofu yako ni ya haki, ila watu wengi huogopa ya nyuma tu wakasahau yaliyoegeshwa. Mlango ukifunguliwa ghafla huna pa kwenda, kwa hiyo yapite kwa nafasi ya kama mita moja. Lori likiwa linakaribia kukata kona, usijipenyeze ubavuni mwake hata kama nafasi ipo. Dereva hakuoni, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Wala usijibane ukingoni kabisa mwa lami, huko kuna mchanga na vioo. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, hata jioni ambayo giza bado halijaingia.

Kuziba pancha jifunzie nyumbani, usisubiri ufundishwe na barabara. Beba tyubu ya akiba, pampu na vile vyuma vya kubandulia tairi. Na kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute kilichotoboa. Mimi niliwahi kubadilisha kwa mbwembwe, nikaenda mita kama mia mbili, pssss! Mwiba ulikuwa palepale.

Anza na siku mbili kwa wiki. Nguo za kubadilisha zipeleke siku unayopanda basi. Mvua ikinyesha mwanzoni usijilazimishe, breki zinazobana rimu huchelewa kushika zikiloa na mistari iliyopakwa rangi barabarani huteleza.

Ukishaenda hiyo safari ya mapumziko, rudi utuambie umetumia dakika ngapi na kama baiskeli yako ina gia.