Usipunguze cheni ya saa asubuhi

Cheni yangu ya kwanza ya chuma niliipunguza mwenyewe, alfajiri, kabla hata sijanawa uso, kwa sindano ya kushonea na nyundo ya kupigilia misumari. Nilitoa pingili tatu. Saa ikanikaa sawasawa, nikajiona fundi. Ilipofika mchana mkono ulikuwa umekabwa, na usiku nilipoivua nikakuta alama za pingili zimechorwa kwenye ngozi, ungeweza kuzihesabu. Wiki iliyofuata cheni ikafunguka yenyewe nikiwa natembea. Sababu ya hilo la pili nitaieleza huko mbele, maana niliigundua kwa kuchelewa sana.

Tangu siku hiyo nimepunguza cheni nyingi, zangu na za ndugu na jamaa. Mara nyingi anayeniletea analalamika kwamba inabana au inapwaya, kumbe urefu hauna tatizo. Tatizo ni kwamba aliipima wakati mbaya, au alitoa pingili zote upande mmoja.

Tuanze na wakati. Mkono hauna kipimo kimoja. Joto hutanua mishipa, chumvi nyingi huufanya mwili ushike maji, na ukitembea muda mrefu mikono ikining'inia, vidole na kifundo huvimba kidogo. Baridi husinyaza. Mkanda wa mpira huvumilia mabadiliko hayo kwa kunyumbulika, wa ngozi una matundu ya kuhamia, lakini chuma hakikuhurumii. Kwa hiyo pima mchana au jioni, ukiwa umeshatembea na mwili umepata joto. Saa iwe pale utakapoivaa kila siku, yaani upande wa kiwiko wa ule mfupa unaochomoza juu ya kifundo, usawa wa kidole kidogo. Ikikaa juu ya mfupa wenyewe itakuuma hata ukiilegeza.

Kipimo changu ni kidole kidogo cha mkono wa pili: kipite chini ya kifungio bila kulazimishwa. Kisha tikisa mkono. Saa ikisogea kidogo ni sawa. Uso wake ukizunguka hadi ubavuni mwa mkono, bado imezidi. Nikikosa kipimo cha katikati, huchagua kulegea kidogo kuliko kubana kidogo. Wapo wasioniunga mkono kwa hilo, hasa wenye saa za kupima mapigo ya moyo, na wana haki, kwa sababu kile kipimio cha nyuma kinataka kugusana na ngozi. Kwa saa ya kawaida sibadili msimamo.

Kabla ya kugusa pini yoyote inayounganisha pingili, angalia kifungio. Ubavuni mwake cheni nyingi zina matundu madogo mfululizo, mawili, matatu au zaidi, na ndani mmelala pini ya springi. Kuihamisha tundu moja hubadilisha urefu kidogo tu, na mara nyingi hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Kwenye saa yangu, tundu moja ni kama milimita 2 na pingili moja ni 8. Kama bado kuna pingili za kutoa, iweke kwanza pini hiyo kwenye tundu la katikati, ili siku za joto uwe na pa kulegeza na siku za baridi pa kukaza. Halafu fanya kazi hiyo mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonesha. Unaonekana kichekesho, lakini pini ya springi ikiruka hutaisikia ilikoangukia, na nimeshatambaa sakafuni na tochi mara za kutosha.

Kujua pingili ngapi zimezidi, vaa saa, kusanya ulegevu wote chini ya mkono, ubane kwa vidole hadi uso ukae unavyotaka. Zile zilizobaki zimesimama nje ya vidole, pande zote mbili za mkunjo, ndizo za kutoa. Ukisita kati ya mbili na tatu, toa mbili.

Sasa pande. Cheni ina upande unaotoka namba 12 na upande unaotoka namba 6, na kifungio kinatakiwa kulala katikati ya chini ya mkono, mkabala na uso wa saa. Kikikaa pembeni, kinauvuta uso upande mwingine, nawe utashinda siku nzima ukiirudisha saa mahali pake ukidhani inapwaya. Geuza kiganja uangalie. Kwa saa ya mkono wa kushoto, kifungio kikiegemea upande wa kidole gumba, upande wa namba 12 ni mrefu; kikiegemea kidole kidogo, ni wa namba 6. Pingili za kutoa zikiwa shufwa, gawa sawa halafu angalia. Zikiwa witiri, mimi ile ya ziada huitoa upande wa namba 6, kwa kuwa mikono mingi hupenda upande huo uwe mfupi. Baadhi ya cheni zina pingili nusu, na hapo ndipo zinapookoa.

Kutoa pini kwenyewe kunategemea aina yake. Igeuze cheni uone tumbo lake: kwenye pingili zinazotoka kuna vishale vimechorwa. Pini hutoka kuelekea kishale kinakoelekea, na hurudi kwa kuingilia upande huohuo iliotokea. Nyingi ni pini zenye mpasuko ncha moja, kama kibanio cha nywele kilichobanwa. Ncha isiyopasuka ndiyo hutangulia kuingia, na ile yenye mpasuko humalizia kwa kugongwa taratibu. Ukiigeuza itaingia nusu na kugoma, na ukizidisha nyundo utapinda pini, au utachubua pingili. Bandika utepe wa karatasi pande zote za tundu kabla ya kuanza. Kile kifaa cha plastiki chenye sindano ya kuzungusha kinafaa, ila sindano yake hupinda haraka isiponyookea tundu. Zungusha kidogo, simama, angalia.

Aina ya pili ndiyo iliyoniumbua. Pini yake ni laini, haina mpasuko, na inashikwa na kibushi, kijibomba kifupi kuliko punje ya mchele kilichojificha ndani ya pingili ya katikati. Pini ikitoka, kibushi hudondoka kimyakimya. Nami sikujua kama kipo. Nikarudisha pini, ikaingia kwa wepisi wa ajabu, nikafurahi. Wepisi ule ndio uliokuwa onyo: hakukuwa na kitu cha kuishika. Basi fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe chenye kingo zilizokunjwa, na pini yoyote inayorudi bila kipingamizi usiiamini.

Aina ya tatu ni skrubu, utaiona kwa mkato ubavuni mwa pingili. Hapo bisibisi ndiyo kila kitu. Ncha yake ijaze mkato wote, la sivyo itateleza na kuacha mkwaruzo utakaouona kila ukitazama saa. Nyingi hutiwa gundi ya skrubu, kwa hiyo zipashe kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele. Wakati wa kurudisha, tone dogo la gundi hiyo, ile isiyokaza sana, linatosha. Ikigoma hata baada ya kupashwa, mpelekee fundi. Kichwa cha skrubu kikishaharibika, hata yeye atahangaika.

Cheni ya wavu haina pingili. Unainua kibamba cha kifungio, unakisogeza, unakishindilia, basi.

Pingili zilizotoka, pamoja na pini na vibushi vyake, tia kwenye bahasha ndogo na uandike ni za saa ipi. Mwili hunenepa, na saa hurithiwa.

Mwisho, usiivae papo hapo. Kaa kitandani, shika cheni pande mbili za kila pingili uliyogusa, uvute kwa nguvu huku ukiipindapinda juu ya godoro. Ya kwangu ile ya kwanza ingefunguka hapohapo.