A4988 kwa NEMA 23? Hapana

Kaka, umeuliza kama A4988, ile draiva ndogo (kifaa cha kuendesha mota), itafaa kwenye mashine yako ya kuchonga mbao. Kwa mota za hatua (stepper) za saizi ya NEMA 23 za ampea 2.8 ulizonunua, haitoshi. Hata ukiiwekea feni haivuki ampea 2. Itachemka, mota itaruka hatua (itapoteza mahali ilipofika) katikati ya kazi na ubao wako wa mninga utaharibika. Chukua draiva kubwa zaidi, DM542, inafika ampea 4.2, uipe volti 36.

Plagi ya waya wa mota weka GX16 ya pini 4, ile ya chuma yenye nati ya kukaza kwa mkono. Zile nyeupe za plastiki hulegea kwa mtikisiko. Na tafadhali sana, usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka! Niliunguza draiva mbili hivyo: cheche moja, kisha kimya. Zima, subiri taa ya draiva izimike kabisa, ndipo uchomoe.