Don Vito alivunja kiapo ama hakuvunja?

SWALI: Assalam aleikum bi mhariri, mimi msomaji wenu wa Langoni, Lamu. Juzi usiku tuliangalia The Godfather barazani kwa laptopu ya binamu yangu tukabishana mpaka majirani wakafungua madirisha. Don Vito, mkuu wa ukoo wa mafia, aliapa mbele ya wakubwa wenzake wa koo nyingine hatavunja amani, mwanawe Michael akaja kuwamaliza. Mimi nasema kiapo kilivunjwa, mjomba anasema hapana, na aliyekosea anunulie baraza nzima kahawa. Nani ana haki?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Filamu hii ya 1972 nishaiona sijui mara ngapi na pale kwenye kikao huwa nairudisha nyuma, manake maneno ya mzee yamepimwa. Santino, mwanawe mkubwa, keshauawa, Michael yuko mafichoni Sicily na babake anataka arudi salama, basi akaapa kwa roho za wajukuu zake kwamba si yeye atakayevunja amani. Yeye. Hakusema ukoo wangu, hakusema mwanangu. Na kweli akafa kwenye nyanya zake akicheza na mjukuu, kwa hiyo ukishika ulimi wake mjomba yuko sawa, ila ukitazama nia, mzee alimfunza Michael mpaka siku za mwisho jinsi ya kumjua atakayekuja kumuuza, na kiapo cha hivyo mimi sikipi heshima yoyote.

Lakini mbona nyote mmemsahau Carlo, mume wa Connie binti wa Don Vito? Mimi hapo ndo panaponiuma. Ni kweli alimpiga Connie makusudi ili Santino atoke mbio aangukie mtegoni, kosa kubwa, sikatai. Ila Michael siku hiyohiyo ametoka kanisani kusimamia ubatizo wa mtoto wa Carlo, anavuta kiti anakaa karibu naye, anamwambia usiogope, mimi nitamfanya dadangu mjane kweli? Anampa tiketi ya ndege ya Las Vegas. Carlo analia, anamtaja Barzini, mmoja wa wakubwa wale, kuwa ndiye aliyemshawishi. Akatoka akapanda gari kiti cha mbele, kumbe Clemenza, mtu wa Michael, yuko nyuma yake na kamba, miguu ya Carlo ikapasua kioo.

Sisi ukishampa mtu amani akakufungulia moyo umejifunga, hata akiwa ndiye aliyemuua nduguyo, kisasi ungekitaka kabla hujamvutia kiti. Marehemu bibi yangu hapa Mkomani jogoo akishamwita kwa mtama hamchinji siku hiyo, alisema ni khiyana kumwita kwa chakula ukamkamata, na huyo ni kuku jamani, seuze shemeji yako baba wa mtoto uliyemsimamia asubuhi!

Kahawa gawaneni nusu kwa nusu wewe na mjomba. Na mkiirudia tazameni mwishoni Kay akimuuliza mumewe kama ni kweli amemuua Carlo. Michael anajibu neno moja tu, la uongo, halafu mlango unafungwa.