Usiombe Msaada kwa Jumla: Ninachowaambia Wanaotunza Wazee Nyumbani

Ukimtunza mzazi mzee nyumbani, maneno utakayoyasikia kuliko yote ni haya: "Ukihitaji chochote, usisite kutuambia." Watasema ndugu, majirani na waumini wenzake, na wengi wao wanamaanisha. Lakini siku utakapowajibu kwamba umechoka na unahitaji msaada, watakupa pole, watakuombea, kisha watarudi makwao, kwa kuwa hujawapa la kufanya. Ofisini nako ni vivyo hivyo. Mwambie afisa ustawi wa jamii "mama yangu ni mzee, tusaidieni," naye hana pa kushika. Mwambie "mama anakula na kuvaa mwenyewe, ila hawezi kuinuka chooni bila mtu, na mimi niko kazini kutwa," hapo anajua akuelekeze wapi.

Nimemtunza mama tangu alipopata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Wanaoniuliza waanzie wapi huwa nawaambia: anza na daftari, kabla hujapiga simu yoyote.

Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha kipimo cha uwezo wa mtu kujihudumia, ambacho hospitali nyingi bado zinakitumia. Kinaangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Mwaka 1969 watafiti M. Powell Lawton na Elaine Brody wakaongeza mambo manane yanayohitaji akili na mpangilio zaidi: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa mpango, na kushika fedha. Andika yote kumi na manne. Mbele ya kila moja weka anafanya mwenyewe, anafanya akisaidiwa, au hawezi kabisa. Andika unachokiona kwa macho yako. Wazee wengi mbele ya daktari hujikaza na kusema hawana shida.

Orodha ile ilitufunza jambo ambalo huruma ilikuwa imetuficha. Mama alikuwa bado anaweza mengi. Tulikuwa tunamlisha ilhali mkono wake wa kulia ni mzima. Mzee anayefanyiwa kila kitu hupoteza haraka hata nguvu kidogo alizobaki nazo, na heshima yake pia inaumia. Kwa hiyo daftari linakuonyesha pa kuomba msaada, na pia pa kuondoa mkono wako.

Baada ya hapo gawa kazi. Kazi za mwili, yaani kuinua, kuogesha na kugeuza, zinahitaji kufundishwa kwanza. Muombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe wewe, si mgonjwa peke yake, nawe umfanyie mgonjwa mbele ya mtaalamu huyo mpaka aridhike. Mambo niliyofundishwa ni madogo lakini yananisaidia kila siku. Mtu aliyepooza upande mmoja, kiti kinawekwa upande wake wenye nguvu wakati wa kuhama. Asivutwe kwa mkono uliolegea, maana bega linaweza kuteguka. Akivaa, anza na upande dhaifu; akivua, anza na upande wenye nguvu. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe mara kwa mara. Wengi tulifundishwa kila baada ya saa mbili, na muuguzi atakuambia kipimo cha mgonjwa wako. Vidonda vya kulalia ni rahisi kuzuia, lakini kuviponya ni kazi ya miezi. Muulize pia kama kuna mahali pa kuazima kiti cha magurudumu au fremu ya kutembelea. Vifaa hivi mara nyingi hukaa bure kwenye nyumba ambayo mgonjwa wake alishapona au alishatangulia mbele ya haki.

Dawa, zikusanye zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, uzipeleke kwa daktari au mfamasia azipitie. Figo za mzee huchuja taratibu kuliko za kijana, kwa hiyo dozi aliyoizoea miaka kumi iliyopita inaweza kumlevya leo. Baadhi ya dawa za usingizi na za mafua humletea mzee kizunguzungu, kuchanganyikiwa na kuanguka. Na jambo hili liandikwe ukutani: mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, usiseme ni uzee. Kusahau kwa ugonjwa kama Alzheimer huja polepole. Kunakokuja ghafla mara nyingi kuna chanzo, kama maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya, na kunahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Upande wa ndugu, nitasema wazi. Aliye karibu na mzazi hubeba mwili wake, na aliye mbali hutuma fedha akadhani wamelingana. Hawajalingana. Kwetu mambo yalitulia tulipokaa kikao tukiwa na lile daftari mbele yetu, kila mtu akachukua kazi kwa jina lake. Mdogo wangu anayeishi mbali alichukua simu zote: miadi ya kliniki, malipo, kufuatilia karatasi za bima. Kaka akachukua Jumapili nzima, kuanzia asubuhi hadi mama anapolala. Hakuna aliyekataa, kwa sababu hakuna aliyeombwa "asaidie". Aliombwa Jumapili.

Majirani na watu wa ibada waombe vivyo hivyo. Mmoja akae na mzee saa moja Jumatano uende dukani. Mwingine ampe lifti ya kliniki. Kazi yenye mwanzo na mwisho haimtishi mtu.

Kama kuna kituo cha mchana cha wazee mnakoishi, kiulizieni mapema, kwani vingine vina orodha ya kusubiri. Jiandaeni pia kwa mzee kukataa. Mama alikataa katakata. Alisema hataki kwenda kukaa na wazee. Sikubishana naye. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, nami nikamwomba msimamizi wa kituo amwite aje kuwaelekeza wenzake wanaojifunza kushona. Alikwenda kama mwalimu, na hadi leo anakwenda kama mwalimu. Watu wazima hawapendi kupelekwa mahali, wanapenda kuhitajiwa. Mwulize mzee wako alikuwa nani kabla ya maradhi, na uanzie hapo.

Sasa nikuseme wewe unayetunza. Ukianza kulala vibaya, kukasirika kwa jambo dogo, kukwepa simu za marafiki na kuahirisha matibabu yako mwenyewe, mzigo umeshakuzidi. Mtafiti Steven Zarit na wenzake walitengeneza mwaka 1980 dodoso la kupima mzigo wa mtunzaji, na toleo lake linalotumika sana lina maswali 22. Mojawapo linahusu kama unahisi huna muda wako mwenyewe kwa sababu ya kumhudumia mgonjwa. Mwombe daktari au muuguzi akupitishe kwenye maswali hayo. Yatakupa maneno ya kueleza hali yako bila kujiona msaliti.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya wazee wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hufanyiwa unyanyasaji wa namna fulani katika jamii kwa mwaka. Uchovu wa mtunzaji ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari hiyo, na mengi huanzia kwenye kufoka, kupuuza, au kumshika mtu kwa nguvu kupita kiasi. Ukijiona umefika ukingoni, hakikisha mzee yuko salama, toka nje ya chumba, pigia mtu simu. Na mapumziko yaombe ungali na nguvu. Baadhi ya vituo na hospitali hupokea mzee kwa siku chache ili mtunzaji apumzike. Kwa wanaohudumia wenye ugonjwa wa kusahau, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mafunzo yaitwayo iSupport, na sehemu nzima ya mafunzo hayo inahusu kujitunza wewe mwenyewe.

Huduma shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu mwenye maradhi mazito, nayo inaogopwa bure. Wengi husikia neno hilo wakadhani daktari amekata tamaa. Daktari Mwingereza Cicely Saunders alipofungua St Christopher's Hospice, kituo cha huduma hiyo jijini London, mwaka 1967, alisisitiza kutuliza maumivu yote ya mgonjwa, ya mwili, ya moyo, ya roho na ya kijamii, na familia yake ikiwemo. Siku hizi huduma hii inaweza kuanza sambamba na matibabu ya kawaida. Maumivu yakimnyima mzee usingizi, iulizie.

Mwisho, ili mapumziko yako yawe ya kweli, mwachie anayekushika mkono ukurasa mmoja wa lile daftari. Andika jinsi mzee anavyopenda kuitwa, dawa na saa zake, vyakula ambavyo daktari amevikataza, namna ya kumwinua, kinachomtuliza akiingiwa na hofu, na namba mbili za simu za watu watakaopokea hata usiku. Msomee mzee mwenyewe ukurasa huo kabla hujaondoka. Mama alinisahihisha mahali pawili, akaniambia niongeze kwamba mlango wa chumba chake usifungwe.