Bawasiri ya ujauzito na baridi ya Mbeya: yaliyonisaidia mimi

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa na ujauzito wa miezi saba, mtoto wangu wa pili. Anayeijua Mbeya anajua mwezi wa sita ulivyo. Mji uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na huku kwetu Uyole ukifungua mlango alfajiri unapumua moshi. Mimi ni fundi cherehani. Siku zile nilikuwa na sare za shule za kushona, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi, kitenge kiunoni, miguu kwenye pedali, chupa ya chai pembeni. Maji ya kunywa sikuyagusa. Kwa baridi ile hata kikombe kimoja kilikuwa kazi.

Asubuhi moja nilijifuta nikaona damu kwenye tishu, nyekundu ya kung'aa. Nilishtuka, moyo ukaenda moja kwa moja kwa mtoto. Nilipojisafisha nikagusa kinyama kwenye njia ya haja kubwa, ukubwa wa punje ya harage, laini, kinauma. Jioni ya siku hiyo kukaa kwenye kiti cha cherehani kukawa mateso, nikawa nimeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo la jirani.

Hiyo ndiyo bawasiri. Wengine huku wanaiita mgolo, wengine wanasema tu "nimeota nyama", wengi hawaiiti jina lolote kwa sababu hawaisemi. Mimi pia sikuisema kwa wiki tatu. Mume wangu nilimwambia ni mgongo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tukuyu kunisaidia, mama mwenye huruma kabisa, naye sikumwambia. Nilianzaje kumweleza mama mkwe habari za huko? Naandika haya kwa sababu ya zile wiki tatu. Nilifanya makosa mawili ndani yake, na naona wanawake wengine wakiyafanya.

Kosa la kwanza, nilikwenda duka la dawa nikanong'ona shida yangu, nimejifunika kitenge na sweta kubwa. Aliyenihudumia hakuniuliza kama ni mjamzito na mimi sikusema. Akanipa tyubu ya kupaka na vidonge vya maumivu. Nilimeza siku mbili. Baadaye nilijua vilikuwa diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, mjamzito hatakiwi kuzimeza bila daktari kumwandikia, hasa mimba ikishapita wiki 20, maana zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea. Siku nilipoambiwa hivyo nililia pale pale kwenye benchi. Kwa maumivu ya kawaida mjamzito anapewa parasetamoli, kwa kipimo anachoelekezwa. Na hata tyubu ya kupaka, mwonyeshe nesi au daktari kwanza, kwa sababu hazifanani.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu zaidi. Mteja wangu mmoja aliniambia vidonge vya damu ndivyo vinavyokausha choo. Hakukosea. Vile vidonge vya madini ya chuma vinaweza kufanya choo kiwe kigumu, na vinakifanya kiwe cheusi pia. Basi nikaviacha. Nikawa nachukua kliniki, naviweka kwenye kopo, simezi. Mahudhurio yaliyofuata nikapimwa wingi wa damu, ikasoma 9.4. Mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu wa damu. Nesi akaangalia kadi, akaniangalia, akaniuliza, "Dada, vidonge unameza kweli?"

Hapo nikayasema yote. Alivuta pazia, akanitazama vizuri kile kinyama, akavua glavu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea habari ya mafua: "Hii wajawazito wengi wanayo. Wanaoisema ndio wachache." Sauti yake ile ya kawaida ilinitua mzigo kabla hata ya dawa.

Alinieleza inavyotokea na nikaelewa. Ule ni mshipa wa damu uliovimba, sio nyama iliyoota. Mimba ikikua, nyumba ya mtoto inakuwa nzito na inakalia mishipa inayorudisha damu kutoka sehemu za chini. Damu yenyewe mwilini imeongezeka, na homoni za ujauzito zinalegeza kuta za mishipa. Homoni hizo hizo zinafanya utumbo uende polepole, chakula kikae muda mrefu, maji yafyonzwe, choo kitoke kigumu. Ukijikamua, mshipa unavimba zaidi. Ndiyo maana mara nyingi inaanza au inazidi miezi mitatu ya mwisho. Haitokani na uchafu wala kukaa kwenye jiwe la baridi, kama nilivyokuwa naambiwa nikiwa msichana.

Sasa niseme yaliyonisaidia, na nianze na maji kwa sababu huku nyanda za juu ndipo tunapoangukia. Joto likiwepo mwili wenyewe unadai maji. Baridi ikiwepo haudai, na sisi tunajaza pengo kwa chai. Nesi aliniambia glasi 8 mpaka 10 kwa siku. Nilipomwambia siwezi na baridi hii akanijibu, "Nani kakwambia yawe ya baridi?" Nilikwenda nyumbani nikamwaga chai, nikajaza ile chupa maji ya moto ya kunywa na vipande viwili vya limau. Nikaiweka kushoto kwa cherehani. Nikajipa sheria: kila uzi wa bobini unapokwisha, kabla sijajaza mwingine, nanyanyuka, nakunywa kikombe kizima nikiwa nimesimama, natembea mpaka mlangoni na kurudi. Sare za shule zinakula uzi sana, kwa hiyo mchana mmoja bobini inakwisha mara nyingi. Kufikia saa kumi chupa ilikuwa tupu. Kunywa na kunyanyuka vikawa jambo moja, na kukaa muda mrefu nako ni adui wa mishipa hiyo. Kama wewe uko sokoni kwenye kigoda au ofisini, tafuta bobini yako, kitu kinachojirudia chenyewe kikukumbushe.

Chakula hakikunihitaji fedha mpya. Niliacha sembe tukala dona. Mama mkwe alifurahi, yeye dona ndiyo aliyokulia. Maharage yapo, njegere zipo, makande yapo, majani ya maboga, chainizi na figiri vinauzwa kila kona. Parachichi la Rungwe sihitaji kulisifia. Nilikuwa nakula moja zima kwa siku, kwa kijiko, na kipande cha papai lililoiva asubuhi. Ila ongeza vitu hivi kidogo kidogo. Mimi siku ya kwanza nilikula maharage, makande na parachichi pamoja, tumbo likajaa gesi usiku kucha. Na ukiongeza vyakula hivi vyenye nyuzinyuzi bila kuongeza maji, choo kinazidi kuwa kigumu, kwa hiyo viende pamoja.

Vidonge vya damu nilivirudia. Nesi alinishauri nimeze baada ya kula kidogo, kwa maji, nisimeze kwa chai, kwani chai inazuia mwili kuchukua ile chuma. Sisi wa Mbeya na Tukuyu tuko karibu na mashamba ya chai ya Rungwe, tunakunywa asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo hili nalirudia: chai ikae mbali na kidonge, saa moja au mawili. Kama choo bado kigumu usiache vidonge kimya kimya. Sema kliniki. Mimi niliandikiwa laktulosi, dawa ya maji tamu inayolainisha choo, nikaitumia siku chache tu. Mafuta ya nyonyo, ambayo jirani aliniletea kwa nia njema, nilikataa. Yanaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Na unga wa mizizi usiojulikana ni wa nini, nao niliuacha kwenye karatasi yake.

Halafu beseni. Hili ndilo lililonipa nafuu ya haraka kuliko yote. Nilinunua beseni pana la plastiki, jipya, likawa la kazi hiyo tu. Maji ya uvuguvugu, unayojaribu kwa kiwiko kama unayemwogesha mtoto mchanga, yafike kufunika nyonga. Unakaa dakika 10 mpaka 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa baada ya kutoka chooni. Maji matupu yanatosha. Usiweke dawa ya kuua vijidudu, inaunguza ngozi ambayo tayari ina kidonda. Siku ya kwanza niliogopa kunyanyuka na tumbo lile, nikamwita mume wangu anishike mkono. Hapo ndipo na yeye alipojua kwamba sio mgongo. Hakusema mengi. Kesho yake akawa ndiye anayepasha maji kabla hajatoka kwenda kazini. Ukimaliza jikaushe kwa kitambaa laini kwa kubonyeza, usisugue. Palipovimba sana niliweka pia kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, dakika chache, na maji ya bomba ya Mbeya mwezi huo ni barafu yenyewe.

Chooni napo pana adabu yake. Ukibanwa nenda, usisubiri umalize pindo. Usijikamue. Usikae na simu. Wenye choo cha kuchuchumaa wana bahati, mkao ule unanyoosha njia, ingawa tumbo likiwa kubwa ushike ukuta au kamba vizuri. Sisi nyumba tuliyopanga ina choo cha kukaa, nikawa naweka kigoda cha jikoni chini ya miguu, magoti yanapanda juu ya nyonga, naegemea mbele kidogo, napumua. Kama hakitoki ndani ya dakika chache, nyanyuka urudi baadaye. Jisafishe kwa maji badala ya kufuta kwa tishu kavu. Usiku lala kwa ubavu wa kushoto, unapunguza uzito juu ya mishipa mikubwa.

Ndani ya siku kumi damu ilikata. Kinyama hakikuisha, kilisinyaa tu, lakini nilikaa kwenye cherehani bila kuegemea upande. Kipimo cha wingi wa damu nacho kilipanda taratibu mpaka 11.2 kabla ya kujifungua.

Kuna mambo ambayo hutakiwi kuyasubirisha nyumbani hata saa moja. Kama huna uhakika damu imetoka njia ya haja kubwa au ukeni, nenda hospitali, kwa mjamzito damu ya ukeni ni dharura. Nenda pia kama damu ni nyingi au haikomi, kama unasikia kizunguzungu au moyo unakwenda mbio, kama una homa, au kama kinyama kimekuwa kigumu cha bluu chenye maumivu makali ya ghafla. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, daktari anaweza kusaidia, usijaribu kutumbua wala kufunga uzi.

Nilikuwa na hofu ya kujifungua. Niliambiwa na mtu kwamba mwenye bawasiri lazima apasuliwe. Mkunga akanihakikishia kwamba bawasiri peke yake sio sababu ya upasuaji. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike, kilo 3.3. Nilisukuma pale tu nilipoambiwa nisukume. Ni kweli, siku tatu za kwanza kile kinyama kilivimba kuliko mwanzo na nilirudi kwenye beseni. Mama mkwe alitaka kunikanda kwa maji ya moto kama desturi, na mgongo na miguu nilimwachia anikande, lakini huku chini nilimwomba yawe ya uvuguvugu. Wakati huo nilishamweleza yote. Aliniangalia akasema, "Mwe! Mwanangu, mimi nilikuwa nayo kwa watoto wanne." Watoto wanne, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake chini ya paa lile.

Kunyonyesha kunakula maji mengi, kwa hiyo chupa yangu haikuondoka mezani. Kufika wiki ya sita nilikuwa nagusa kijingozi kidogo tu kisichouma. Kwa wengi inasinyaa yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Isiposinyaa, au ikiendelea kutoa damu, hospitali kuna tiba zaidi ambazo kwa kawaida husubiri mama ajifungue, ikiwemo kuufunga mshipa kwa kipira kidogo mpaka ukauke.

Wifi yangu wa Tukuyu sasa yuko mwezi wa saba. Wiki iliyopita alinipigia simu, akazunguka weee, akaulizia hali ya hewa, akaulizia watoto, mwisho akanyamaza. Nikamuuliza mimi, "Wifi, choo unapata vizuri?" Akacheka kidogo, akaanza kueleza. Beseni nimempa kondakta wa basi la mchana, jipya, lenye kitambaa laini ndani.